Chemba Namba Nne

Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa moja asubuhi, Lebo alitakiwa kufunua chemba tano za maji taka na kujaza chupa tano. Kwa miezi kumi na moja sasa alikuwa akifunua nne.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Maji yote yaliyotoka vyooni na mabafuni mwa mitaa mitano yalipita katika mabomba matano, yakakutana katika bomba moja kubwa, yakaishia kwenye kituo cha kusafisha maji taka. Kila mtaa ulikuwa na bomba lake na chemba yake. Lebo aliinua mfuniko kwa nondo yenye ndoano, akateremsha ndoo ndogo kwa kamba, akajaza chupa ya lita moja, akaandika namba ya chemba, tarehe na saa, kisha akaizamisha chupa ndani ya sanduku la barafu. Chupa ya sita aliijaza kituoni, kwenye mdomo wa bomba kubwa. Kabla ya saa nne zote sita zilikuwa maabara, ambako watu walizipekua kutafuta virusi vya polio, ule ugonjwa unaolegeza miguu ya watoto.

Jina la Lebo alipewa hapo kazini kwa sababu ya mwandiko wake. Hakuna aliyeandika lebo nzuri kama zake; wa maabara walisema unaweza kuzitia kwenye fremu. Zamani walikwenda wawili, yeye na mzee mmoja, na fomu ilikuwa na mistari miwili chini: mchukuaji na shahidi. Mzee alipostaafu, ombi la kumpata mtu mwingine liliandikwa kwenye barua, barua ikatiwa kwenye faili, faili likatulia. Mstari wa shahidi ukawa mtupu na hakuna aliyeuliza.

Sasa, chemba namba nne ilikuwa mbele ya geti lake mwenyewe, hatua tisa kutoka kibarazani ambapo mkewe aliweka cherehani. Na mtaani hapo Lebo hakuwa Lebo. Alikuwa Baba Kifungo, mtu wa idara ya maji, mwenye shati jeupe. Buti na ovaroli vilikaa kituoni. Majirani walimheshimu sana, na bomba likikauka walimlalamikia, naye aliwaahidi kulifikisha suala lao.

Uongo huo waliutunga pamoja, yeye na mkewe. Walikotoka watu walijua kazi yake, na siku moja mteja alirudisha gauni la harusi lililoshonwa kwa wiki mbili. Alilisogeza puani mbele ya wateja wengine akasema linanuka kazi ya baba wa nyumba hii. Gauni halikunuka chochote ila chaki na pasi. Mama Kifungo alirudisha pesa yote bila kulia, na mwezi uliofuata hakupata hata wa kumwekea kishikizo. Walipohamia huku alimwambia mumewe jambo moja tu: hapa wewe ni mtu wa maji, basi, na maji ni maji.

Kwa hiyo Jumanne ile ya kwanza Lebo aliingia mtaani kwake mapema, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, akamwona mkewe kibarazani akimpima mteja, akajitia hamnazo na kupita moja kwa moja hadi chemba namba tano. Huko alijaza chupa mbili. Moja akaiandika tano, nyingine akaiandika nne, kwa mwandiko ule ule wa kutia kwenye fremu. Alijiambia ni mara hiyo tu.

*

Daktari aliyesimamia ufuatiliaji wa magonjwa alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani ikining'inia kifuani, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Jumatatu hiyo alimwita Lebo ofisini kwake. Ukutani kulikuwa na ramani ya mitaa mitano, mabomba yamechorwa kwa kalamu ya buluu, na kwenye kila chemba kuna pini. Pini tano zilikuwa nyeupe. Ya sita, penye kituo, ilikuwa nyekundu.

"Wewe ndiye unayejua mabomba," Daktari alisema. "Tano zinaingia safi, moja inatoka na polio. Nielewe vipi?"

Lebo alisema hajui. Sauti ilimtoka ndogo, lakini Daktari alikuwa ameshageukia ramani na hakuisikia vizuri.

Alieleza huku akitembea. Kule chini kituoni, alisema, maji ya watu elfu kumi na mbili yamechanganyika, na virusi vichache hupotea humo. Ndiyo maana chupa ya sita ilikuwa ikitoka safi mwezi baada ya mwezi. Chemba za juu ziliwekwa ili kuvikamata mapema, mtaani kwenyewe, kabla havijatapakaa. Vikionekana chini, basi juu vimeshakaa. Kisha akachukua karatasi ndefu iliyojaa herufi, mstari juu ya mstari, bila nafasi wala nukta, akamwekea Lebo mezani.

Hicho ndicho kirusi chenyewe, alimwambia, kimesomwa chote. Kila kinapozaliana hujinakili, na kama mtu anayenakili barua ndefu kwa haraka, hukosea herufi hapa na pale. Makosa hayo huongezeka kwa mwendo unaojulikana, kiasi kwamba ukiyahesabu unajua kimetembea muda gani. Wa maabara walikuwa wameyahesabu. Kirusi hiki kilikuwa kikipita kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi tisa hivi, kimya kimya, kwa sababu katika watoto mia mbili wanaokibeba pengine mmoja tu ndiye atakayelegea mguu. Wengine hucheza na kula na kulala kama kawaida, wakikipeleka chooni kila siku.

"Haya yote yamo kwenye maji ninayoleta mimi?" Lebo aliuliza.

"Yamo. Watu wanaoga, wanafua, wanamwaga sabuni na mafuta ya kupikia, na bado humo ndani inasomeka habari ya mtoto mmoja. Mimi nina miaka ishirini kwenye kazi hii na bado inanishangaza."

Lebo aliitazama karatasi akashikwa na butwaa. Miaka kumi na minne alikuwa akibeba maji hayo huku amegeuza uso pembeni, akiamini kwamba anabeba uchafu wa watu na kwamba aibu ya uchafu huo ni yake. Kumbe alikuwa akibeba mtaa mzima ndani ya lita moja. Alijiona mkubwa ghafla, pengine kwa mara ya kwanza maishani, na katika pumzi hiyo hiyo akakumbuka chupa namba nne. Miezi kumi na moja alikuwa amempaka Daktari mafuta kwa mgongo wa chupa. Akaegemea meza.

Daktari alikuwa na majibu mawili, na yote mawili hayakuwa sahihi. La kwanza: mwanamke wa maabara aliyepokea chupa huenda aliziacha zikapata joto, na alikuwa ameshaandikiwa barua ajieleze. La pili: kuna bomba la sita ambalo mtu amejiunganishia kwa siri, pengine upande wa sokoni. Matone ya chanjo yaliyokuwepo yalitosha watoto mia nne, yaani mtaa mmoja, na mzigo mwingine ungefika baada ya mwezi. Alhamisi matone yangekwenda sokoni.

"Unaonaje?" aliuliza.

"Labda, Daktari," Lebo alijibu, akatoka.

*

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa akikata suruali za michezo za watoto wa chekechea, oda ya suruali tisini, kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Binti yao, mwenye miaka miwili na nusu, alikuwa chini ya meza akipanga vifungo kwa rangi. Ndivyo vilivyompa jina la Kifungo. Lebo alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akatoa kadi ya kliniki ya mtoto. Visanduku vya mwisho vya polio vilikuwa vitupu. Ilikuwa wakati ule wa kuhama, kliniki ya zamani imekuwa mbali na ya hapa wakisema wataiona wiki ijayo.

"Afadhali umekuja," mkewe alisema. "Hebu niambie kama nimezeeka macho."

Alimsogezea daftari la vipimo. Mafundi wengi hupima mguu mmoja wa mtoto wakaridhika. Mama Kifungo alipima yote miwili na mikono yote miwili, kwa sababu aliyemfundisha kushona alikuwa akimchapa vidole kwa rula asipofanya hivyo. Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa binti wa fundi viatu, jirani wa ng'ambo ya barabara. Januari: paja la kulia inchi kumi na mbili, la kushoto kumi na mbili. Leo: kulia kumi na mbili na robo, kushoto kumi na nusu.

"Nimepima mara tatu," alisema. "Baba yake anasema aliteguka alipoanguka kitandani, akawa na homa siku mbili, na mguu utarudi. Eti kiatu cha kushoto kinalika ncha peke yake, na kila siku anakiwekea kiraka. Mguu ulioteguka unakonda hivi, Baba Kifungo?"

Lebo alikaa chini, pale pale sakafuni karibu na vifungo, akamwambia yote. Alimwambia juu ya chemba ya hapo nje na lebo ya uongo, juu ya karatasi ya herufi, na kwamba kila siku watoto wa mtaa huu walikuwa wakitoa habari zao na yeye alikuwa akipeleka habari za mtaa mwingine. Mkewe alisikiliza akiwa na mkasi mkononi.

"Nilikwambia usiseme kazi yako," alisema mwishowe. "Sikukwambia usiifanye."

"Ningeifanyaje mbele ya wateja wako?"

Mkewe aliuweka mkasi mezani. Aliuliza kama hawezi kwenda saa hiyo, kukiwa na kigiza, akajaza chupa moja ya kweli akaipeleka kimya kimya, na mambo yakajirekebisha yenyewe. Lebo akamweleza kwamba majibu huchukua wiki mbili na matone yanakwenda sokoni Alhamisi, na kwamba mwanamke wa maabara, ambaye hakukosa lolote, alikuwa na barua mezani. Akasema pia kwamba akienda kukiri unga utamwagika, na hapa mtaani wataonekana waongo, na zile suruali tisini huenda zikaishia kwa fundi mwingine.

Mama Kifungo alilifungua daftari tena, akalifunga. Alimtazama mwanawe chini ya meza, akalia sasa kile kilio ambacho hakulia siku ya gauni. Alipomaliza alijifuta kwa kipande cha kitambaa cha suruali.

"Kesho utakwenda," alisema. "Na hili daftari ulibebe."

*

Daktari alimsikiliza bila kumkatiza, na hilo lilimtisha Lebo kuliko makaripio. Aliuliza maswali mawili. La kwanza, ni chupa ngapi. Lebo akasema kumi na moja. La pili, kama ile ya chemba namba tano ilikuwa chupa ya kweli. Lebo akasema ndiyo, ilikuwa ya kweli mara mbili. Hapo Daktari akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: alivuta kiti akakaa.

Alilifungua daftari la vipimo akavaa miwani. Alisoma mstari wa binti wa fundi viatu, akasoma wa juu yake na wa chini yake, akarudi. Alipitisha kidole kwenye kurasa nyingine, miguu ya watoto sabini na wawili, kulia na kushoto, Januari na sasa.

"Nani amemfundisha mkeo kufanya hivi?"

"Ni fundi cherehani tu, Daktari."

"Ameona mguu ambao hospitali nzima haijauona," Daktari alisema. Kisha sauti yake ikabadilika. "Wewe utaandika maelezo, na mambo yako yatakwenda kwa wakubwa, siwezi kukuficha wala sitaki. Ile barua ya maabara naifuta sasa hivi. Leo gari linakwenda kumchukua yule mtoto na mzazi wake. Kesho saa moja utafunua chemba namba nne, na mimi nitakuwepo. Njoo na buti zako."

*

Jumatano saa moja asubuhi mtaa wote ulikuwa nje, kwa kuwa gari la afya lilikuja jana yake na habari zilikuwa zimeshazunguka nyumba hadi nyumba, kila nyumba ikiongeza chumvi yake. Lebo alitoka getini kwake akiwa na ovaroli ya rangi ya machungwa, buti hadi magotini, nondo mkononi. Alijikaza kisabuni. Mtu mmoja akacheka, akauliza kama hiyo ndiyo sare mpya ya idara ya maji, na wengine wakacheka naye.

Mfuniko haukuwa umefunuliwa tangu enzi za yule mzee. Ulikuwa umeshikana kwa kutu na mchanga, na Lebo aliuvuta mara tatu usitikisike. Alipoinua macho alimwona mkewe anashuka kutoka kibarazani, utepe wa kupimia bado shingoni. Alikuja hatua zile tisa, akashika nondo juu ya mikono ya mumewe, na wote wawili wakaivuta. Mfuniko ukaachia. Harufu ikatoka, watu wakarudi nyuma wakiziba pua, ila Mama Kifungo hakurudi nyuma. Alilishika sanduku la barafu likiwa wazi hadi chupa ikaingia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameacha kitambaa cha gauni alimwambia pale pale kwamba angepita kukichukua. Mama Kifungo akamjibu kipo tayari, akakifuata ndani, akamletea kimekunjwa vizuri pamoja na pesa yake ya awali. Kufikia mchana wengine wanne walikuwa wamefuata. Mwalimu mkuu wa chekechea alituma mtu achukue nusu ya suruali apeleke kwingine. Nusu aliiacha, kwa maelezo kwamba hajui la kufanya. Jioni Mama Kifungo alikaa kwenye cherehani, akashona hizo zilizobaki.

Alhamisi matone yalikuja mtaani kwao badala ya kwenda sokoni. Watoto walipanga foleni kutoka gari hadi kona, wakafungua midomo, wakapewa matone mawili mawili na alama ya wino kwenye kidole kidogo. Walikuwa mia tatu na kumi na sita. Kifungo alikuwa wa nane, akayalamba akaomba tena. Lebo alisimama ng'ambo akiwahesabu, na kila alama ya wino ilimpunguzia kitu kifuani, lakini hakikuisha.

*

Wiki mbili baadaye Daktari alimwonyesha pini mpya. Namba nne ilikuwa nyekundu. Herufi za kirusi cha chemba hiyo na herufi za kile cha kituoni na za kile kilichopatikana kwa binti wa fundi viatu zilikuwa zimepangwa pamoja, na hata Lebo, ambaye alisoma mpaka darasa la saba, aliweza kuona zinavyofuatana kama ndugu wa tumbo moja. Mtu aliyekaa chumba cha mbali, ambaye hajawahi kukanyaga mtaa wao, aliweza kusema nani alitangulia na nani alifuata. Lebo alilitazama jambo hilo kwa muda mrefu. Halafu akauliza alichokuja kuuliza.

"Ningejaza chupa za kweli, polio ingeonekana lini?"

Daktari alifikiri kumdanganya, ikaonekana usoni. "Karibu miezi saba iliyopita," alisema. "Ndivyo ninavyodhani."

Adhabu ilikuwa imetoka: barua ya onyo la mwisho na nusu mshahara kwa miezi mitatu. Hakufukuzwa kwa sababu, kama mkubwa mmoja alivyosema bila haya, hakukuwa na mwingine aliyetaka kazi hiyo. Lebo aliona adhabu hiyo ni ndogo mno, na bado hakujua aende wapi kuongezewa. Alikwenda kwa fundi viatu.

Fundi viatu alikuwa kwenye kigoda chake, mdomoni misumari mitatu, akijenga soli nene ya kiatu kidogo cha kushoto. Binti yake alikuwa amekaa karibu, mguu mmoja umenyooka. Madaktari walikuwa wamesema mazoezi yatasaidia, ila mguu hautarudi kama zamani. Lebo alisimama mbele yao akasema kila kitu bila kuzunguka: chupa, chemba, lebo, miezi saba. Kama ningeijaza ile chupa, alisema, mwanao angepata matone kabla ya homa.

Fundi viatu alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga juu ya paja. Hakutukana wala hakumwambia yameisha.

"Unafungua tena lini?" aliuliza.

"Jumanne."

"Niite."

Jumanne hiyo Lebo hakuhitaji kumwita. Alimkuta ameshasimama kando ya chemba, amembeba binti yake mgongoni. Lebo aliinua mfuniko. Chini kabisa, gizani, maji ya mtaa mzima yalikuwa yakipita bila kusimama, ya wote waliomcheka na ya wote waliochukua vitambaa vyao, na ya nyumba yake pia, na ilimjia tena ile hofu ya ofisini kwa Daktari, ya mtu aliyekabidhiwa kitu kikubwa kuliko yeye. Alijaza chupa, akaandika, akaigeuza ili fundi viatu aione.

"Namba nne," fundi viatu alisoma kwa sauti.

Kisha akaomba ile fomu. Aliiweka juu ya sanduku la barafu, akautafuta ule mstari wa pili uliokaa mtupu mwaka mzima, na huku binti yake akichungulia juu ya bega lake, akaandika jina lake taratibu kwenye nafasi ya shahidi.